Saratani ya ini na uvimbe wa Wilms: jeni iliyowashwa upya na jeni isiyozimika

Ini la kijusi hutengeneza kwa wingi protini iitwayo AFP. Mtoto akishazaliwa, jeni ya protini hiyo hunyamazishwa, na kwa mtu mzima hubaki kiasi kidogo mno damuni. Saratani ya ini inapoanza, mara nyingi kwa aliyeishi miaka mingi na homa ya ini aina ya B, seli zilizokwisha kukomaa huweza kuiwasha tena.

Uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto wadogo, ni habari nyingine kabisa. Hapa seli hazikurudi nyuma, hazikuwahi kukomaa. Kwenye darubini utaona seli ndogo za rangi nzito zilizosongamana, na kando yake vijifereji vya figo vilivyoishia njiani. Jeni SIX2, inayozishikilia seli za figo katika uchanga wakati wa mimba, bado inafanya kazi.

Kwa daktari, ini lina nafuu moja: AFP hupimwa kwa damu. Wilms haina kipimo kama hicho. Mara nyingi mama ndiye anayegusa uvimbe akimwogesha mwanawe. Ila naona AFP inaaminiwa kupita kiasi. Saratani nyingi za ini haziitoi, kwa hiyo mwenye homa ya ini B sugu anayefuatiliwa asikose ultrasaundi, hata majibu ya damu yakiwa mazuri.