Packet Tracer kama maabara yangu pekee ya CCNA: uzoefu wangu

Kwa wanaojiandaa na mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco ambacho mafundi mitandao wengi huanzia, swali linalorudi kila mara ni kama mtu anaweza kufaulu bila kununua ruta na swichi halisi. Mimi nilijiandaa nikiwa Dar es Salaam, kwa kompyuta mpakato ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 8, na mazoezi yangu yote ya vitendo niliyafanya ndani ya Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Nilifaulu, kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Hata hivyo ndiyo hiyo ina masharti yake, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii, kwa kuwa nimewaona wenzangu wengi wakiitumia programu hii kila siku na bado wakakosa kile inachoweza kuwapa.

Packet Tracer hutolewa bure kupitia Networking Academy, mpango wa mafunzo ambao Cisco iliuanzisha mwaka 1997. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya mpango huo, kisha unapakua programu ya Windows, macOS au Ubuntu. Faili lenyewe halifiki gigabaiti moja, na anayesoma kwa bando alilolinunua mwenyewe anajua faida ya jambo hilo. Ukishaifungua, unaburuta ruta, swichi, kompyuta na seva hadi kwenye uwanja mweupe, unaziunganisha kwa kebo, kisha unafungua dirisha la amri na kuandika amri zilezile za IOS, mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco, ambazo ungeziandika ukiwa mbele ya kifaa chenyewe. Kuhusu usakinishaji sina zaidi la kusema, kwa sababu haukunisumbua.

Mtihani wenyewe, wenye namba 200-301, ulianza kutumika Februari 2020, na mada zake zilihuishwa Agosti 2024 kwa toleo la 1.1. Una dakika 120 na ada yake ni dola 300 za Marekani, ambazo kwa fundi anayeanza kazi si fedha ya kubahatishia. Misingi ya mitandao ina asilimia 20, swichi pamoja na VLAN (mitandao pepe iliyotenganishwa ndani ya swichi) na Wi-Fi asilimia 20, uelekezaji wa pakiti asilimia 25, huduma za IP kama vile NAT (kubadilisha anwani) na DHCP (kugawa anwani) asilimia 10, misingi ya usalama asilimia 15, na uendeshaji wa mitandao kwa programu asilimia 10. Katika sehemu tano za kwanza Packet Tracer ina mazoezi ya kutosha, ila katika ile ya sita msaada wake ni mdogo sana, na nitaieleza mbele.

Kitu kilichonifaa kuliko vyote ni hali ya uigaji, ambayo wengi huipita kwa sababu inakwenda polepole. Kwa kawaida programu hufanya kazi kwa kasi inayokaribia ile ya mtandao wa kweli: unatuma ping, yaani ujumbe wa kupima mawasiliano, jibu linarudi, unaendelea. Ukihamia kwenye hali ya uigaji, kila pakiti huonekana kama bahasha ndogo inayosogea kutoka kifaa kimoja hadi kingine kadiri unavyobonyeza, na ukiibofya bahasha hiyo unafunguliwa tabaka za OSI, ule mfano unaoyagawa mawasiliano ya mtandao katika ngazi saba, moja baada ya nyingine, pamoja na maelezo ya kile ambacho kifaa hicho kimeamua kukifanya na sababu yake. Bahasha ikitupwa, inawekewa alama, na maelezo yanakueleza ilikwama kwenye tabaka gani.

Mfano mmoja utaonyesha thamani ya jambo hili. Tuseme kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 inataka kuifikia 192.168.2.10 iliyo upande wa pili wa ruta. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba kompyuta ya kwanza hutangaza kwa ARP, itifaki ya kuulizia anwani, ili kuitafuta anwani ya MAC, yaani ya kadi ya mtandao, ya kompyuta ya pili. Katika uigaji unaona kwa macho yako kwamba sivyo: kompyuta inatambua kuwa anwani hiyo iko nje ya mtandao wake, kwa hiyo inaiulizia MAC ya lango, yaani ruta. Pakiti ikifika kwenye ruta, fremu ya zamani, yaani ganda linaloibeba pakiti, inavuliwa na fremu mpya inavalishwa, ikiwa na MAC nyingine za mtumaji na mpokeaji, huku anwani za IP zikibaki zilezile tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiyafuatilia hayo bahasha kwa bahasha, unaelewa pia kwa nini ping ya kwanza katika mtandao mpya mara nyingi haipati jibu ilhali zinazofuata zinalipata: ARP ilikuwa bado haijamaliza kazi yake. Nimesoma maelezo ya jambo hili sehemu nyingi, lakini lilikaa kichwani baada ya kulitazama likitokea.

Itifaki ya STP, inayozuia mizunguko kati ya swichi, nayo iliniingia kwa njia hiyohiyo. Ukiunganisha swichi tatu kwa umbo la pembetatu, taa za baadhi ya poti zinakaa na rangi ya machungwa kwa takribani sekunde 30, yaani 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, kisha zinageuka kijani, isipokuwa poti moja inayobaki imezuiwa ili pakiti zisizunguke bila kikomo. Swichi zote zikiachwa na kipaumbele cha 32768 zinachotoka nacho kiwandani, inayokuwa mzizi, yaani swichi ambayo nyingine zote hupanga njia kwa kuitazama, ni ile yenye anwani ndogo zaidi ya MAC, iwe inafaa au haifai. Katika ofisi ya kweli hiyo inaweza kuwa swichi kuukuu iliyosahauliwa kwenye kona ya stoo. Ukishaibadilisha namba ya kipaumbele mwenyewe, kwa hatua za 4096, ukaona poti iliyozuiwa inahama, huhitaji tena kukariri.

Sasa nije kwenye masharti niliyoyataja. Mtandaoni kuna mamia ya mazoezi ya Packet Tracer yenye maelekezo hatua kwa hatua, na kuna kishawishi kikubwa cha kunakili amri, kuona taa za kijani, na kuhesabu kwamba somo limekwisha. Kufanya hivyo ni kuzoeza vidole tu. Utaratibu ulionisaidia ulikuwa kuandika kwanza kwenye daftari kile ninachotarajia kukiona, kabla ya kutoa amri kama show ip route, inayoorodhesha njia ambazo ruta inazijua, au show interfaces trunk, kisha kulinganisha na kilichotokea. Palipotofautiana ndipo palipokuwa na somo. Baada ya mtandao kufanya kazi nilihifadhi nakala ya faili, halafu nikaanza kuuharibu kwa makusudi: nilibadilisha eneo la OSPF, itifaki ambayo ruta huambizana njia kwayo, upande mmoja, nikaweka muda tofauti wa salamu za hello ilhali upande wa pili umebaki na sekunde 10 za kawaida, au nikatofautisha VLAN ya asili (ile isiyowekewa lebo) kwenye ncha mbili za tranki, kiungo kinachobeba VLAN nyingi, na kusubiri ujumbe wa onyo utakaotolewa na CDP, itifaki ya vifaa vya Cisco kutambuana. Mtihani hupenda kukuuliza kwa nini kitu hakifanyi kazi, na mtu ambaye hajawahi kuuona mtandao uliovunjika hana pa kuanzia.

Hapo ndipo pia ilipo tahadhari kuhusu mafaili ya aina ya pka, yale yanayokupa alama kwa asilimia kadiri unavyoendelea. Yanatia moyo, na kwa anayeanza ni msaada mzuri, lakini yanakagua vipengele ambavyo mtunzi wa zoezi aliamua kuvikagua. Mtandao unaweza kufanya kazi vizuri kabisa ukapata asilimia 92 kwa sababu uliita VLAN jina lenye herufi kubwa. Kuna pia wanaoibua asilimia 100 kwa kubahatisha amri moja baada ya nyingine hadi namba ipande. Kwa maoni yangu, pka ni za wiki za mwanzo; baada ya hapo ni bora kuanza na uwanja mweupe na karatasi yenye mahitaji ya ofisi ya kubuni.

Unapochukua mazoezi ya watu wengine, angalia yalitungwa kwa ajili ya mtihani upi. Mengi ni ya mtihani wa 200-125 ulioondolewa Februari 2020, nayo hukupitisha kwenye usanidi wa EIGRP, itifaki nyingine ya uelekezaji, ambao mtihani wa sasa haudai. Si vibaya kuujua, ila mwenye muda mchache atajikuta ameutumia mahali pasipo na alama.

Mipaka ya programu inatokana na jinsi ilivyo. Packet Tracer inaigiza tabia za vifaa. Haiendeshi IOS yenyewe. Kwa hiyo ukiandika alama ya kuuliza ili uone orodha ya amri zinazowezekana, orodha hiyo ni fupi kuliko ya kifaa cha kweli. Kwa CCNA sikuona upungufu huo kuwa kikwazo, kwa kuwa amri zinazotahiniwa karibu zote zimo. Kidhibiti cha Wi-Fi kimo pia, na kinatosha kukuonyesha jinsi mtandao usio na waya unavyoundwa kupitia kurasa za kivinjari. Kwenye ile asilimia 10 ya uendeshaji kwa programu, hata hivyo, itakubidi utoke nje: unapaswa kuweza kusoma data ya JSON (muundo wa maandishi wa kupanga data) bila kusita, kujua maombi ya HTTP yanayotumiwa na REST, njia ya programu kuwasiliana kupitia wavuti, na kueleza kazi za Ansible na Terraform, zana za kusanidi mifumo kwa mafaili. Nilijizoeza JSON kwa Python kwenye kompyuta yangu, na yaliyobaki niliyasoma kwenye kitabu.

Kugawa mtandao katika mitandao midogo ni jambo jingine ambalo programu haikufundishi, na pengine inakudumaza, kwa sababu inakukatalia anwani isiyofaa kabla hujafikiri. Kwenye mtihani hakuna kikokotoo, na swali ukishalipita hulirudii. Ukipewa 172.20.45.77/27, unatakiwa uone upesi kwamba mitandao inapanda kwa 32, kwamba hiyo iko kwenye mtandao wa 172.20.45.64, kwamba anwani ya matangazo ni .95, na kwamba vifaa 30 vinaanzia .65 hadi .94. Kazi hii ni ya kalamu na karatasi, kila siku kidogokidogo, na anayeikwepa ataulipia uvivu huo kwa dakika anazozihitaji kwenye maswali ya vitendo.

Nilinunua pia mkusanyiko wa maswali ya majaribio kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye sitamtaja, na sikuridhika nao. Baadhi ya majibu yalikuwa na makosa ya wazi, likiwemo lililoipa OSPF kiwango cha uaminifu (namba ambayo ruta huitumia kuchagua itifaki ya kuiamini) cha 90, ambacho ni cha EIGRP. Cha OSPF ni 110. Kulikuwa na faida moja tu: kila jibu nililolitilia shaka nililipeleka Packet Tracer nikalihakikisha, na mara kadhaa show ip route ilimaliza ubishi kwa mstari mmoja. Kuhusu maswali yaliyovujishwa, ambayo huuzwa waziwazi kwenye makundi ya simu, Cisco inakataza kuyatumia na inaweza kubatilisha matokeo ya aliyeyatumia. Hata ukiiweka kanuni hiyo kando, mwajiri atakukalisha mbele ya swichi.

Siku ya mtihani nilichagua kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani hii, badala ya kuufanyia nyumbani. Kufanyia nyumbani kunaruhusiwa, kwa kamera na ukaguzi wa chumba, lakini sikutaka umeme au intaneti viamue hatima ya dola 300 zangu. Vitambulisho vinakaguliwa, simu na saa vinabaki nje, na unapewa ubao mdogo wa kufutika wa kufanyia hesabu. Sheria haziruhusu kusema maswali yaliyotoka, nami sitasema. Nitasema tu kwamba dirisha la amri kwenye maswali ya vitendo halikunitisha, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya dirisha kama hilo kwa miezi. Asiyefaulu anaruhusiwa kurudia baada ya siku tano, kwa ada ileile.

Kama una fedha za ziada, Cisco pia inauza CML, ambayo huendesha programu halisi za vifaa vyake. Leseni ya mtu binafsi imekuwa ikiuzwa dola 199 kwa mwaka kwa vifaa 20, na lipo toleo la bure la vifaa vitano. Inahitaji RAM nyingi zaidi, na kwa CCNA peke yake nisingemshauri mtu aanze nayo. GNS3, programu nyingine ya maabara, ni ya bure, lakini haiji na IOS, na kuipata kihalali ni shida kwa asiye na mkataba na Cisco. Mimi sasa ninajiandaa na mtihani wa ENCOR, wa ngazi ya juu ya CCNA na wenye namba 350-401, ambao una mada nyingi ambazo Packet Tracer haizigusi kabisa, kwa hiyo nimeongeza RAM na kuhamia CML. Packet Tracer sijaiondoa. Kabla ya kubadilisha VLAN za mteja yeyote, huuchora kwanza mtandao wake humo na kuijaribu kila amri nitakayokwenda kuiandika.