Gari-nyumba la mkono wa pili: gonga ukuta kwanza, ndipo utaje bei

Nililipa bei ya gari kavu, nikapewa gari lililolowa. Lilikuwa na miaka tisa, kilomita chache, viti visivyo na doa na kitabu cha sevisi kilichojaa mihuri. Nililinganisha matangazo, tukapatana, nikapunguziwa kidogo, nikaondoka nikiamini nimepata bei ya haki. Wiki ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi niligusa kona ya nyuma, juu ya kitanda, karatasi ya ukutani ikabonyea. Fundi alipoifungua, plaiwudi ilitoka kwa vidole, nyeusi, na fremu ya mbao nyuma yake ilikuwa imeoza hadi dirishani. Matengenezo yalimeza zaidi ya robo ya bei niliyolipa. Muuzaji, aliyekuwa akiniita dada kila baada ya sentensi, aliacha kupokea simu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza kama bei fulani ni halali namuuliza kwanza kama ukuta umepimwa. Karibu wote hunitumia picha ya odomita, ile saa ya kilomita.

Odomita sina haja nayo sana. Gari-nyumba huharibika kwa kusimama kuliko kwa kutembea: matairi yanapasuka ubavuni yakiwa bado na meno, breki zinashika kutu, gundi ya maungio inakauka bila mtu kuitazama. Gari la kilomita elfu 90 linalosafiri kila msimu nalipenda kuliko la elfu 20 lililokaa chini ya mti miaka mitano. Mpangilio wa vitanda, idadi ya viti na rangi ya mapazia utachagua mwenyewe.

Maji ndiyo yanayopanga bei, na wanunuzi wengi hawayaoni kwa sababu hawajui sanduku hili la makazi limeundwaje. Ukuta wa kawaida ni tabaka la alumini au faiba nje, povu katikati pamoja na fremu ya mbao, na plaiwudi nyembamba ndani. Kila dirisha, kila tundu la paa, taa ya nyuma na reli ya turubai la kivuli ni shimo lililotobolewa kisha likazibwa kwa gundi laini. Jua linaikausha gundi ile, mtikisiko wa barabara unaipasua, na maji yanaingia tone kwa tone. Tena hayaanguki pale pale yalipoingilia. Yanafuata fremu, yanatembea hata mita nzima, kisha yanajikusanya chini ambako hakuna anayetazama. Doa linapojitokeza ndani, uozo tayari ni wa miaka.

Nunua kipima unyevu, hata cha bei nafuu, kitakugharimu kidogo kuliko tairi moja. Pima kona zote, juu na chini, pembeni ya kila dirisha, kuzunguka matundu ya paa, ndani ya makabati na karibu na matao ya magurudumu. Chini ya asilimia 15, lala usingizi. Kati ya 15 na 20, andika na uulize. Ukipita 20 maji yanaingia au yaliwahi kuingia, na ukipita 30 kuna uwezekano mkubwa kwamba mbao imeshaharibika. Ukiona namba imeruka ghafla mahali pamoja, sogeza kipimo kidogo, kwa sababu chuma na waya zilizofichwa hukidanganya. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole ukisikiliza mlio uliofifia, na ukanyage sakafu taratibu, hasa mlangoni na mbele ya bafu. Ikibonyea kama godoro, tabaka zake zimeachana.

Nenda siku ya mvua ukiweza. Ukikuta silikoni mpya inang'aa kwenye gari la miaka kumi, uliza ilizibwa kwa nini, na udai risiti ya kazi ya ndani. Ukikuta karatasi mpya ya ukutani kwenye kona moja tu, hamisha macho yako yote hapo. Marashi makali, madirisha yote wazi, hita inayonguruma tangu kabla hujafika: hivyo ndivyo nilivyopokelewa mimi, nikadhani ni ukarimu. Cheti cha unyevu kilichotolewa na anayeuza usikihesabu hata kidogo. Wangu alikuwa nacho, kina namba nzuri katika kila kisanduku.

Sasa bei. Kusanya matangazo kumi au zaidi ya magari yanayofanana: chasisi ileile, ujenzi uleule, umri usiopishana zaidi ya miaka miwili. Tupa mawili ya bei ya juu kabisa na mawili ya chini kabisa, kisha chukua la katikati katika yaliyobaki. Lakini yafuatilie wiki kadhaa kabla ya kuiamini namba hiyo. Tangazo lililokaa miezi mitatu linakuonyesha bei ambayo soko limeikataa, na lililotoweka ndani ya wiki linakaribia bei ambayo watu wanalipa kweli. Bei ya tangazo ni ombi. Hata pasipoandikwa "maongezi yapo", maongezi yapo.

Tuiite bei hiyo ya katikati mia, tuache kutaja fedha. Matairi: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Yakizidi miaka sita mimi nakata gharama ya seti nzima, tuseme 4. Mkanda wa taimingi usio na risiti, 2. Betri ya upande wa nyumba iliyochoka, 2. Friji ya gesi washa mapema, maana inahitaji saa nyingi kupoa na hutaijua kwa dakika kumi. Hapo tuko 92. Kisha kona moja inasoma 22, na fundi anakadiria 8. Mimi nakata 12. Nazidisha makadirio kwa moja na nusu kila mara, kwa sababu hakuna fundi anayejua ukubwa wa uozo kabla ya kufungua, na ukuta wangu ulipofunguliwa gharama ilipita makadirio ya kwanza. Tunabaki na 80. Naanzia 76, sipandi juu ya 80. Kona mbili zikipita 30 siongei tena bei ya gari-nyumba. Natoa bei ya chasisi na injini tu, au naondoka.

Vya nyongeza havipandishi. Paneli ya sola, televisheni, kamera ya nyuma, turubai la kivuli: muuzaji anakupa orodha na bei alizonunulia, kana kwamba unanunua duka lake. Na bado kuna wauzaji wanaoishi katika bei za 2020 na 2021, korona ilipowafanya watu wayagombanie magari haya. Waliyanunua ghali wakati ule, sasa wanataka mnunuzi anayefuata abebe hasara yao yote. Hilo linanikera kuliko hata uongo wa silikoni, kwa kuwa wanalisema wazi na wanaona ni haki yao.

Kwa mpangilio wangu wa aina za magari haya, kwa ile mia yetu, la kwanza ni Hymer, chapa ya Kijerumani, na sifichi mapenzi yangu. Kuta zake za mfumo wa PUAL ni povu la poliyurethani katikati ya alumini, bila fremu ya mbao ya kuoza. Maji yakipita kwenye dirisha bado yanakera, ila hayali ukuta. Kwenye yale ya zamani kagua sakafu, hasa kingo zake, maana huko mbao ipo. Hymer kavu nailipa mia kamili, hata mia na tano, na sijawahi kujuta.

La pili ni gari la mizigo lililogeuzwa makazi, kama Fiat Ducato au Mercedes-Benz Sprinter. Mwili ni wa chuma, maungio ni machache, na uvujaji unabaki zaidi kwenye matundu yaliyokatwa baadaye. Tafuta kutu kuzunguka matundu hayo na chini ya milango. Kwenye Ducato za kizazi kilichoanza 2006 fungua boneti uangalie chini ya kioo cha mbele, kwani yale ya mwanzo yalijulikana kudondoshea maji kwenye injekta, vipulizia mafuta vya injini. Lipa 95 hadi mia.

La tatu ni sanduku la fremu ya mbao lenye paa la chini. Ndilo lililojaa sokoni, na ndilo lililoniumiza. Usianze juu ya 90 kabla ya kupima, na ukipima ukakuta kavu kila kona, mwenye gari amelitunza, mpe bei yake bila kumsumbua.

La nne ni lile lenye kitanda juu ya dereva. Familia zenye watoto hulipenda na nawaelewa, lakini pua ile inapigwa na mvua barabarani, na ungio la chini yake ndilo la kwanza kuachia. Panda juu, inua godoro, pima ubao wote, kisha shuka ubonyeze dari juu ya usukani. Kwangu 85, likiwa kavu.

La tano ni yale makubwa ya Kimarekani. Mengi yana paa la mpira ambalo maungio yake yanadai kukaguliwa na kuzibwa upya mara kwa mara, na kuta za faiba zinazotoa malengelenge maji yakiingia nyuma yake. Simama pembeni jua likiwa limeinama, utayaona malengelenge kabla ya kufungua mlango.

Ya bei ya chini kabisa na yaliyoundwa uani: lipa bei ya chasisi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki kutazama moja la aina ya tatu. Kona ya nyuma ilisoma 28. Mwenye gari alisema ni mvuke wa kupikia. Jiko lilikuwa mbele. Baada ya kukata vyote tulitoa 71 kwa mia yetu, akatuambia tusimpotezee muda. Jana nililiona tena tangazo lake: bei imeshuka mara mbili, sasa ni 78, na kwenye picha mpya kuna karatasi mpya ya ukutani pale pale konani.