Viroba vya salfeti vya kuzuia maji mlangoni: vinafaa, ukijua kuvipanga

Kwa nyumba za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, chukua vya kilo 25. Vya kilo 50 vikijaa mchanga mbichi havibebeki, hata muuzaji akikusifia vipi. Jaza nusu hadi theluthi mbili tu. Kikijaa pomoni hakilali vizuri na maji yanapenya katikati. Mdomo ukunje chini, uelekee maji yanakotoka. Panga kwa kupishana kama matofali, kila safu uikanyage, kisha tandika nailoni nzito upande wa maji. Ukuta wa futi 2 unataka kitako cha futi 6 hivi, ndiyo maana mlango mmoja unameza viroba vingi.

Adui yake ni jua. Kikiachwa nje miezi kadhaa kinachanika nyuzinyuzi, na mchanga unaishia kuziba mtaro uleule unaoutegemea. Vihifadhi kivulini, vitupu, hadi masika yakaribie. Mifuko ya saruji ya karatasi achana nayo, ikilowa inapasuka.

Maji yanayorudi kupitia chooni hayazuiwi na kiroba cha mlangoni. Tundu hilo lizibe kivyake. Mafuriko yakiisha, mchanga huo umeshaingia kinyesi: watoto wasiuchezee.