Signal: nyota nne, na kufuli la serikali silitaki

Mimi na dada angu tunatumia Signal, app ya kutumiana meseji za siri, mwaka wa pili sasa, jana tumekaa sebuleni tukasomeana zile namba za usalama ambazo app inaonyesha kwenye simu zetu mbili, tarakimu 60, mafungu 12 ya tano tano, yeye anasoma mimi natiki, zikalingana zote basi roho ikatulia kwamba hakuna mtu katikati anayetuchungulia.

Sasa kuna jamaa ananiambia si bora app iliyotengenezwa na serikali, wao si ndo wana wataalamu? Wanao kweli, ila 1993 Marekani walileta chipu ya Clipper ya kufunga mazungumzo ya simu, usimbaji wake (ile njia ya kuyageuza yasisomeke) NSA, majasusi wao wa mawasiliano, ndo waliubuni, na nakala ya ufunguo inabaki serikalini. Yani fundi anakuuzia kitasa halafu funguo ya pili anatia mfukoni kwake!! 1994 mtafiti Matt Blaze akaonyesha hata hiyo njia yao ya kuchungulia inakwepeka, mradi ukaja kufa. Crypto AG ya Uswisi ndo kiboko, nchi kibao zilinunua mashine zake za kusimba ujumbe kumbe wenye kampuni ni CIA na majasusi wa Ujerumani.

Ila haki yao tuwape, AES, njia ya usimbaji waliyoipitisha Wamarekani 2001, iko poa, sababu waliibuni Wabelgiji wawili na wataalamu wa dunia nzima wakaipekua kwanza. Signal nayo msimbo wake, yani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi, anayejua asome.

Nyota moja nimekata, kujisajili lazima utoe namba ya simu, na huku kwetu laini zote zina alama ya kidole.