Data za maboya ya Argo: tamu kwa mikondo ya Antaktika, ila chunga longitudo

Aliye Kampala anayetaka kupima mkondo unaoizunguka Antaktika hana haja ya kukodi meli. Data za Argo, mradi wa kimataifa wa maboya yanayopima bahari, ni za bure. Maboya yake, yapata 4,000, huelea kwenye kina cha mita 1,000. Kila baada ya siku 10 hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda yakipima joto na chumvi na kutuma vipimo kwa setilaiti. Kwenye maji yasiyo na barafu tunaipa Argo nyota nne kati ya tano. Penye barafu, mbili.

Ili bando lisiishe, usipakue hifadhi nzima. Chagua boya moja, chukua faili la _prof.nc, lenye joto na chumvi, na la _Rtraj.nc, lenye njia lilikopita.

Kasi ya mkondo ni umbali kati ya boya lilipozama na lilipoibuka, ugawe kwa muda. Hapa sisi watu wa ikweta huteleza. Entebbe, digrii moja ya longitudo ni kilomita 111. Kwenye latitudo 60 kusini ni 56 tu. Boya likisogea digrii 1.5 mashariki kwa siku 10, limekwenda kilomita 84, karibu sentimita 10 kwa sekunde. Ukikariri ile 111 unapata 19, na kompyuta haikuonyi chochote.

Barafu ina usumbufu wake. Boya likipanda na kukuta maji ya juu yanakaribia kuganda, kama nyuzi -1.8, huahirisha kuibuka ili antena isivunjike, likaweka vipimo hadi litakapopata upenyo. Miezi hiyo hakuna ajuaye lilipo: nafasi zilizomo kwenye faili ni za kukadiria, zenye alama ya ubora 8. Ziondoe kabla ya kukokotoa kasi, lakini joto na chumvi usivitupe. Chumvi isome kwenye PSAL_ADJUSTED, yaani chumvi iliyosahihishwa, kwa kuwa sensa huchakaa na kupotoka polepole.

Kasoro kubwa ni kina. Katika Mlango-bahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, makadirio ya zamani ya maji yanayobebwa na mkondo huu yalikuwa mita za ujazo milioni 134 kwa sekunde. Vifaa vilivyotegwa sakafuni kati ya 2007 na 2011 vilitoa milioni 173. Nile inapotoka Jinja ni kama mita za ujazo 1,000 tu kwa sekunde! Mkondo wa Antaktika hufika karibu na sakafu, na boya la kawaida huishia mita 2,000, kwa hiyo mabishano hayo Argo peke yake haiyamalizi.