Duka la vitu vya ibada hapa parokiani kwetu: nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya rozari

Kwa mwenye haraka: nendeni, vitu vipo na bei zinavumilika, ila rozari za uzi zivuteni kidogo kabla hamjalipa.

Sasa mi nimezaliwa KKKT, yaani Mlutheri, chuo nikahamia kwa walokole, nikaolewa nikasilimu, ndoa ikaisha, nikakaa kama miaka mitatu hivi siswali wala sisali. Mwaka jana jirani akanikaribisha jumuiya ya Wakatoliki, Jumamosi alfajiri sebuleni kwake, nikanogewa, saa hizi niko kwenye mafundisho. Ndo nikaingia dukani na aibu zangu, nikamsalimia mdada "Bwana Yesu asifiwe", akajibu "Amina", halafu akatabasamu akasema "Tumsifu Yesu Kristo", nikabaki namwangalia tu sijui naitikiaje, akaitikia mwenyewe "Milele amina". Hakuniuliza natokea wapi, hapo tu nyota mbili zake.

Nilitaka Biblia. Nikamwambia nyumbani ninayo, akauliza ina vitabu vingapi, nikasema 66, akanishushia ya 73 akanifungulia Tobiti palepale kaunta, kumbe kuna kijana anaenda safari na mbwa anamfuata. Mbwa jamani! Kukesha kote kule kwa walokole sijawahi kukutana naye. Nikalipa.

Rozari ndo ina mambo. Mkono wangu ulizoea kuvuta tasbihi ya punje 99, unasukuma tu hata huangalii, hii ina 59 na kila baada ya kumi za Salamu Maria kuna moja imekaa peke yake, kidole kikifika pale kinashtuka, ndo Baba Yetu hiyo, na hiyo Baba Yetu nayo mi nasema "ufalme wako uje" wenzangu "ufalme wako ufike", wakifika "utuopoe maovuni" wameshamaliza, mi naendelea "kwa kuwa ufalme ni wako" peke yangu sebule nzima kimya. Kuna kadi ya sala wanauza 500, nunueni hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Walinishawishi sana na gauni jeupe la ubatizo, zuri kweli, ila padre alishaniambia sibatizwi tena, ule wa utotoni KKKT unatambuliwa, mi nitakiri imani na kupata kipaimara Pasaka basi. Mdada alipoelewa akalirudisha kwenye henga bila kununa.

Kilichoniudhi ni kwamba rozari ilikatika siku ya nne. Nimeirudisha, nikamkuta kaka mwingine hata hajainua macho kwenye simu, "bidhaa ikishauzwa hairudi". Ya 5,000! Nimeipiga fundo mwenyewe, punje moja iliingia chini ya kabati haijaonekana mpaka leo, kwa hiyo kwangu fumbo la tatu, yaani lile kumi la tatu, lina Salamu Maria tisa, ya kumi nahesabia kwenye fundo.