Skuta za umeme za kukodi Berlin: uzoefu wangu nikiwa juu yake na nikiwa kwa miguu

Kwa aliepanda, hizi skuta (zile za magurudumu mawili unazosimama juu yake) ni nzuri na sina ugomvi na usafiri wenyewe. Naishi Berlin upande wa Wedding, kazini naingia alfajiri, na basi la muda huo likikuacha utasubiri mpaka miguu ife ganzi, kwahiyo natoa simu naskani msimbo wa QR ulio kwenye usukani, nasukuma mguu mara mbili tatu, naminya kidude cha kidole gumba na safari imeanza. Kuifungua ni kama euro 1 halafu unahesabiwa kwa dakika, kwa masafa mafupi inalipa ila ukiifanya ya kila siku kwenda mbali, tiketi ya mwezi ya treni ni nafuu zaidi. Breki za hizi mpya zinashika vizuri, taa zipo mbele na nyuma. Matairi ndo madogo, kwenye barabara za mawe za kizamani unatetemeka mpaka meno, na reli za tram (treni zinazopita barabarani) usizivuke kwa mshazari hasa mvua ikinyesha, zikate kwa kunyooka au shuka uvuke kwa miguu.

Sasa maoni mengi huwa yanaishia hapo, kwa aliepanda. Mimi muda mwingi zaidi natembea kwa miguu, tena nasukuma kigari cha mtoto, na huko mambo ni mengine kabisa.

Sheria yenyewe ipo tena imenyooka. Ujerumani iliruhusu skuta barabarani kuanzia Juni 15, 2019, mwendo mwisho kilomita 20 kwa saa, mtu 1 tu, umri kuanzia miaka 14, kibao cha bima nyuma, na ni marufuku kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu. Njoo mtaani jioni sasa, vijana wawili wamepakizana mshikaki wanakata katikati ya watu wanaotoka dukani na mifuko. Hiyo 20 kwa saa ukiisikia unaona ni mwendo mdogo lakini ni zaidi ya mita 5 kila sekunde, mtoto akikuchomoka mkononi hamna muda wa kumuwahi, na pikipiki angalau unaisikia inakuja, hii haina sauti, unastukia upepo tu umekupita begani. Ila nimtendee haki mpandaji pia, barabara nyingi hazina njia ya baiskeli na yeye anatakiwa apite na malori, kwahiyo anapanda juu kwa watembea kwa miguu kwasababu anaogopa kufa. Namuelewa, lakini hofu yake anaihamishia kwa mtu dhaifu kuliko yeye.

Kinachoniuma zaidi ni maegesho. Kuna bibi jirani yangu anatembea na kile kitoroli cha magurudumu manne cha kujishikiza, siku moja nimemkuta kwenye kona, pale ukingo wa barabara uliposhushwa ili watu kama yeye waweze kuvuka, skuta imelala hapo hapo imeziba yote. Hawezi kuinyanyua, hawezi kuizunguka, alikuwa anataka kushukia barabarani magari yanakotoka. Nikaishika mimi, jamani ni nzito, zaidi ya kilo 20, na kwa kuwa haijakodiwa tairi limejifunga halizunguki na yenyewe inaanza kupiga kelele kama mwizi kaishika, ikabidi niinyanyue nyuma niiburute mpaka ukutani. Mama wa watu akasema asante yake akaenda. Na hata ukutani sio salama kwa kila mtu, maana kipofu mwenye fimbo anafuata ukuta ndo ajue anaelekea wapi. Bremen kuna kipofu alijikwaa kwenye skuta 2 zilizoegeshwa pembeni ya ukuta wa nyumba mwaka 2020 akavunjika mfupa wa paja, akaishitaki kampuni, na 2023 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima fidia, ikaona uegeshaji ule ulikuwa unaruhusiwa. Yaani mtu amevunjika na hamna aliekosea.

Paris wao walipiga kura Aprili 2, 2023, waliojitokeza walikuwa wachache sana ila karibu asilimia 89 yao walizikataa, na ilipofika Septemba skuta za kukodi zikawa zimeondolewa. Mimi sitaki tufike huko, wafanyakazi wa alfajiri tunazihitaji. Ninachotaka nimekiona kinafanya kazi hapa hapa Berlin, kuna maeneo yamechorwa kabisa kwa rangi, na ukiwa jirani na hayo maeneo apu inakataa kufunga safari mpaka uipeleke hapo. Utatembea kidogo kurudi unakokwenda, sawa, lakini sehemu hizo njia ya miguu iko wazi muda wote. Kwingine unaombwa tu picha ya jinsi ulivyoegesha, na kampuni ninayoitumia imewahi kupokea picha yangu ya usiku ambayo ni giza tupu, huo sio ukaguzi.

Kwa hiyo kama mpandaji naipa 4 kati ya 5, kama mtembea kwa miguu naipa 2, na hiyo 2 ni kwa ajili ya yale maeneo yaliyochorwa. Ukikuta imelala njiani, piga picha ionekane namba ya kile kibao cha bima cha nyuma, watumie kampuni kwenye apu yao na utaje mtaa na namba ya nyumba iliyo karibu. Mimi nikiwaandikia kwa mtindo huo huwa wanakuja kuitoa, nikiandika tu kwamba skuta imeziba njia hamna anaejibu.